Mama Asiyesikia Moto

Tuanze na habari za mama mmoja. Katika kijiji chake walimsifu sana, kwa kuwa aliweza kuepua chungu cha sombe motoni kwa mikono mitupu. Wenzake walitafuta jani la ndizi au kipande cha nguo, lakini yeye alicheka, akakishika chungu na kukiweka chini taratibu. Siku ya karamu ya kanisa walimwita yeye asimame karibu na mafiga. Watoto walisema mama huyu ana mikono ya chuma. Naye alijivuna kidogo, na ni nani asiyejivuna akisifiwa namna hiyo?

Siku moja akaja hospitalini. Hakuja kwa ajili ya mikono yake, alimleta mtoto wake mwenye homa. Mwuguzi alipompa kikombe cha dawa amnyweshe mtoto, akaviona vidole vyake. Palikuwa na malengelenge mapya, makovu ya zamani, na kidonda kimoja kilichofika karibu na mfupa. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda, kikakataa kunyoka. Mwuguzi akamwuliza, "Mama, vidole hivi vinakuuma tangu lini?" Akajibu, "Haviniumi hata kidogo."

Jibu hilo lingewafurahisha watu wengi. Mwuguzi halikumfurahisha. Alimwita munganga mara moja.

Watu huja hospitalini kwa sababu wanaumwa. Asiyeumwa hubaki nyumbani, hulima shamba lake, huenda sokoni. Basi kurasa hizi tumeziandika hasa kwa ajili ya wasioumwa, na kwa ajili ya jirani zao wanaowatazama kila siku.

Nyuzi za habari

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. Tunaposema "mishipa" tunachanganya vitu vitatu. Kuna mishipa ya damu. Kuna kano, yaani kamba ngumu zinazovuta mifupa. Waweza kuziona juu ya kiganja chako, upande wa nyuma, ukivichezesha vidole. Tena kuna mishipa ya fahamu, nyuzi nyeupe zinazopeleka habari. Hapa tunasema juu ya hizi za tatu tu, nasi tutaziita nyuzi.

Nyuzi hizi zimeenea katika mwili wote. Mwisho wake uko katika ngozi, na kila moja ina kazi yake. Moja hupokea habari ya kuguswa polepole, nyingine ya kukandamizwa, nyingine ya baridi, nyingine ya joto, na nyingine hupokea habari ya kitu kinachotaka kuudhuru mwili: moto, mwiba, kisu. Toka ngozini hukusanyika pamoja kama vijito vinavyoingia mtoni, zikaingia katika uti wa mgongo, na habari zake zikapanda mpaka ubongoni. Uzi mmoja unaotoka kidole cha mguu ni mwembamba kuliko unywele, nao hauna kiungo hata kimoja mpaka ufike mgongoni. Kwa mtu mzima ni urefu wa meta 1 hivi.

Usidhani kwamba moto wenyewe unapita ndani ya uzi. Inayopita ni habari tu. Mzee aliyepiga ngoma ya habari ng'ambo ya mto hakumleta mgeni, alitangaza kwamba mgeni yuko njiani. Habari ya uzi ni umeme mdogo sana, unaotokea chumvi za mwili zinapoingia na kutoka katika ukuta wa uzi. Uzi mmoja ukiisha na mwingine kuanza, habari huvuka pengo dogo kwa njia ya kemikali ambayo mwili wenyewe umeitengeneza. Na ubongo hujuaje kama ni baridi au ni mwiba? Huutambua uzi uliopeleka habari, kama vile wewe unavyomtambua mpiga ngoma kabla ya kusikia maneno yote.

Si ngozi yote iliyo na nyuzi sawasawa. Fanya jaribio hili na ndugu yako. Twaa vijiti viwili vyenye ncha butu, uvitenge kwa nusu sentimeta. Yeye afumbe macho. Mguse ncha ya kidole kwa vijiti vyote viwili mara moja, naye atasema, "Ni viwili." Sasa mguse mgongoni kwa nafasi ile ile. Atasema, "Ni kimoja." Huko mgongoni itakubidi kuvitenga karibu sentimeta 4 kabla hajajua kwamba ni viwili. Vidole vimepewa nyuzi nyingi kwa sababu kazi zake ni nyingi: kuchambua mchele, kushona, kumpapasa mtoto usiku uone kama ana homa. Watoto huupenda sana mchezo huu wa vijiti.

Mkono huondoka kabla hujajua

Tazama sasa jambo la ajabu. Wengi hudhani kwamba mtu akigusa chungu cha moto husikia maumivu kwanza, kisha huondoa mkono. Sivyo. Mkono huondoka kwanza. Habari ya hatari ikifika katika uti wa mgongo haingoji ruhusa ya ubongo. Pale pale mgongoni jibu hutolewa, na amri hurudi kwa misuli ya mkono: vuta! Wakati huo habari nyingine inaendelea kupanda ubongoni, na ikifika ndipo unapopiga kelele. Mlinzi wa kijiji akimwona chui hufunga lango, halafu humtuma mtu kwa chifu. Angemngoja chifu amalize kula, chui angekwisha kuingia.

Ukikanyaga mwiba hufanyika zaidi ya hapo. Mguu uliochomwa hujikunja, na saa ile ile mguu wa pili hukazwa uubebe uzito wote, usianguke. Amri zote mbili zimetoka mgongoni, wala hakuna aliyekufundisha ulipokuwa mtoto. Tena munganga akikugonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira na mguu ukaruka, hachezi nawe. Anaipima njia hiyo ya kwenda na kurudi.

Maumivu nayo huja mara mbili. Ukijikwaa jiweni, kwanza huja uchungu mkali kama wa sindano. Kitambo kidogo baadaye huja uchungu mzito, wenye kuchoma, nao hukaa. Habari ya kwanza hupita katika nyuzi zilizofunikwa kwa mafuta, mwendo wa meta 5 hata 30 kwa sekunde moja. Ya pili hupita katika nyuzi nyembamba sana zisizo na kifuniko, mwendo wa meta 1 hivi kwa sekunde, yaani kama mtu anayetembea njiani bila haraka. Ndiyo sababu uchungu wa pili wa kidole cha mguu huchelewa kupita sekunde nzima. Unaweza kuungoja.

Na mama akilisugua goti la mtoto aliyeanguka, maumivu hupungua kweli. Habari za kusuguliwa huingia mgongoni na kuuzuia kidogo mlango unaopitisha habari za maumivu. Wataalamu wawili, Melzack na Wall, waliandika juu ya mlango huo mwaka 1965. Mama zetu walikuwa wakisugua magoti tangu zamani.

Adui wa nyuzi

Turudi kwa mama yetu. Mikono yake haikuwa ya chuma. Nyuzi zake zilikuwa zimekufa, na ugonjwa ulioziua ni ukoma.

Tunajua neno hili huogopesha. Wengine wangependa kufunga kitabu hapa. Tafadhali, usikifunge.

Ukoma huletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Munganga Armauer Hansen alikiona mwaka 1873 katika mji wa Bergen, nchi ya Norwe. Ugonjwa huu si laana, si uchawi wa jirani, wala mtoto harithi kwa damu ya wazazi wake. Hupita zaidi kwa matone ya pua na kinywa ya mgonjwa asiyepata dawa, kwa watu wanaokaa naye karibu siku nyingi. Hata hivyo watu walio wengi sana, karibu 95 katika 100, miili yao hukishinda kijidudu hiki bila wao kujua. Tena ni kijidudu kivivu. Vingine huzaana kwa dakika au saa, lakini hiki hukaa karibu wiki mbili ndipo kimoja kiwe viwili. Kwa hiyo tangu kuingia mwilini mpaka ugonjwa uonekane miaka 5 huweza kupita, na mara nyingine hata 20. Mtu asikae akitafuta ni nani aliyempa. Hawezi kujua.

Kijidudu hiki hupenda mahali pa baridi: ngozi, pua, masikio, na zile nyuzi zinazopita karibu na ngozi. Uzi mmoja uko nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga mkono wote hutetemeka. Ukifa huo, kidole kidogo na jirani yake hufa ganzi, kisha hupinda. Mwingine uko upande wa nje chini ya goti, nao ukifa, mtu huburuta mguu akitembea. Mwingine hupita karibu na kifundo cha mguu kwa ndani, na huo ndio unaosikia mawe na misumari chini ya nyayo. Tena kuna nyuzi za uso zinazofunga jicho. Jicho lisilofumba hukauka, huingia vumbi, na mwisho wake ni upofu.

Wengine huuliza juu ya sheria za ukoma katika Biblia, kama zinatuamuru kumfukuza mgonjwa. Soma tena Mambo ya Walawi sura ya 13 na ya 14. Utaona kwamba kuhani alikagua pia nguo na kuta za nyumba. Nguo haishikwi na kijidudu cha Hansen! Neno lile lilitaja mambo mengi ya ngozi na ya ukungu, wala halifai kuwa fimbo ya kumpigia jirani yako leo. Na Bwana Yesu alimgusa yule mtu kwa mkono wake.

Vidole vinakwenda wapi?

Husemwa kwamba ukoma hula vidole. Waganga nao walidhani hivyo zamani, mpaka Paul Brand alipofanya kazi yake. Yeye ni Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914 kwa wazazi wamisionari, akarudi huko mwaka 1946 kuwa munganga wa upasuaji katika hospitali ya Vellore. Aliona kwamba vidonda vya wenye ukoma hupona kama vya mtu ye yote, vikipata kupumzika. Basi, kama nyama yao ni nzima, vidole vinakwenda wapi?

Siku moja alishindana na kufuli lenye kutu. Ufunguo ulikataa kabisa. Mvulana mmoja mgonjwa, mwembamba, akaomba ajaribu, akaugeuza mara moja. Brand alistaajabia nguvu zake. Kisha akaona damu. Ufunguo ulikuwa umekikata kidole cha mvulana mpaka mfupa, naye hakujua. Mimi na wewe tungeuacha ufunguo ule kabla haujakata ngozi, kwa kuwa maumivu yangetuambia imetosha.

Wagonjwa wengine waliamka asubuhi wakakuta kipande cha kidole hakipo. Wakaweka mtu wa kukesha usiku, naye akaona panya akija na kutafuna, na mwenye kidole amelala fofofo. Tangu hapo wagonjwa walipewa paka wa kwenda nao nyumbani. Dawa hiyo ya paka ni nzuri hata kwetu.

Baadaye, huko Carville katika Marekani, Brand na wenzake walijaribu kutengeneza maumivu ya bandia. Walitia katika glavu vyombo vidogo vya kupima nguvu, vimwonye mtu akikandamiza kupita kiasi. Kazi hiyo iliwashinda. Vyombo viliharibika upesi, na mtu alipotaka kumaliza kazi yake aliizima ile alama ya hatari akaendelea. Maumivu tuliyozaliwa nayo hatuwezi kuyazima tukiwa na haraka, na ni vema iwe hivyo.

Kwetu Kongo kazi hii ina historia yake. Munganga Stanley Browne wa misioni ya Wabaptisti alikuwa Yakusu, karibu na Kisangani, tangu 1936 mpaka 1959. Huko Oicha, Munganga Carl Becker alikuwa na kijiji kikubwa cha wagonjwa wa ukoma. Siku zile walitumaini dawa moja, dapsone, nayo ilimezwa miaka mingi mno. Browne alikwenda Nigeria baadaye, na huko Uzuakoli akaijaribu dawa nyingine, clofazimine. Mwaka 1981 Shirika la Afya la Dunia likaagiza dawa zitolewe pamoja, na ya tatu ni rifampicin. Tangu 1995 hutolewa bure katika nchi zote. Lakini Kongo bado huandika wagonjwa wapya kwa maelfu kila mwaka, na wengi wao hufika wakiwa wamekwisha kupinda vidole. Walichelewa kwa sababu hawakuumwa.

Jipime nyumbani

Twaa unyoya laini wa kuku, au pamba kidogo uisokote iwe na ncha. Mtazame mwenzako mchana, penye mwanga wa jua. Tafuta baka lililopauka kuliko ngozi yake, au lenye wekundu, lisilowasha wala kuuma. Tazama pia masikio kama yamevimba, na nyusi kama zinapungua. Mwonyeshe kwanza jinsi utakavyomgusa. Kisha afumbe macho, na kila unapomgusa aonyeshe kwa kidole mahali hapo. Mguse penye ngozi nzuri, kisha katikati ya baka. Kama penye ngozi nzuri anaonyesha, na penye baka anakaa kimya, mlete hospitalini. Usitumie sindano wala mwiba, na usimcheke.

Mwenye mabaka 5 au chini ya hapo hupewa dawa miezi 6, mwenye zaidi miezi 12. Baada ya kuanza dawa, kwa muda mfupi haambukizi tena. Anakula na jamaa yake, analala nyumbani kwake, anaimba kwaya. Mkojo utakuwa mwekundu siku ya kumeza rifampicin, na ngozi itakuwa nyeusi kidogo kwa ajili ya clofazimine. Hayo hupita dawa zikiisha. Usiziache kwa sababu hiyo. Na watu wote wa nyumba moja naye waje kupimwa.

Jambo moja ni la haraka. Kama mabaka yanavimba na kuwa mekundu, kama kiwiko kinauma, kama mkono ulioweza kushika jembe jana umelegea leo, usingoje siku ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo. Nyuzi zimevimba, na kuna dawa ya kuzituliza. Ganzi ambayo haijapita miezi 6 huweza kurudi nyuma. Ya zamani ni vigumu.

Na yule ambaye ganzi yake haitarudi, macho yake lazima yafanye kazi ya nyuzi zake. Kila jioni, karibu na taa, atazame viganja, vidole na nyayo. Kama hawezi kuona unyayo, mtoto amtazamie. Aloweke miguu katika maji ya baridi kadiri ya dakika 20, asugue sugu kwa jiwe laini, apake mafuta ya mawese au mafuta mengine ngozi ikiwa bado na maji. Maji ya kuoga ayapime mtu mwingine. Viatu viwe laini ndani na vigumu chini. Kandambili za mpira wa gari ni nzuri, zikishonwa kwa uzi, zisipigwe misumari. Akiona kidonda unyayoni, dawa kubwa ni kutoutembelea mguu huo. Jambo hili wagonjwa hulichukia kuliko mengine yote, kwa maana kidonda hakiumi na shamba linangoja. Wenye ugonjwa wa sukari nao, ambao miguu yao imekufa ganzi, wakague miguu yao kila jioni vivyo hivyo.

Yule mama alimeza dawa zake miezi 12, hakukosa hata mara moja. Kidonda chake kilipona kwa wiki chache, kwa kuwa mwuguzi alikifunga kidole kwenye kijiti kisiweze kufanya kazi. Kidole kidogo hakikunyoka, na ganzi ilibaki, kwa sababu ilikuwa ya miaka mingi. Mumewe na watoto walipimwa. Mtoto mmoja, wa kike, alikutwa na baka moja begani, naye alipata dawa miezi 6, mikono yake mizuri haina hitilafu hata leo.

Siku za karamu mama huyu bado husimama karibu na mafiga. Ila sasa ana kitambaa kizito kilichofungwa kiunoni, na akinyosha mkono kukishika chungu, watoto wale wale hupiga kelele, "Mama, kitambaa!" Jioni binti yake huleta taa, hukaa naye kwenye mkeka, akavihesabu vidole vya mama yake kimoja kimoja.